Vikombe Vitatu vya Mwonjaji Mkuu

"Kabla hujaingia, Inspekta, tafadhali vua viatu uvae hivi vya mpira," alisema Meneja wa kiwanda, akimnyooshea jozi nyeupe. "Chumba hiki cha kuonjea ni kisafi kuliko chumba cha upasuaji."

Inspekta alivaa. Nyuma yake Koplo alihangaika na jozi iliyombana vidole. Walipoingia, Inspekta aliweka juu ya meza katoni ya makopo ya soda iliyozungushiwa utepe wa polisi.

"Haya yametoka nyumbani kwa mwalimu mstaafu," alisema. "Bibi wa watu ana kisukari mwaka wa kumi na moja sasa. Amekunywa soda hii wiki mbili kwa sababu juu yake imeandikwa Bila Sukari. Leo ni siku ya sita yuko hospitali na hajafumbua macho. Mkamwana wake yuko mahabusu, anadaiwa kumtilia mama mkwe sukari makusudi. Saa nane mchana faili linakwenda mahakamani. Na karatasi iliyo juu kabisa kwenye faili hilo ni barua yako, Meneja."

"Na barua yangu ni ya kweli," Meneja alijibu. "Toleo hilo, yaani makopo yote ya siku ile, lilionjwa hapa, likathibitishwa halina sukari. Kama bibi huyo aliingiwa na sukari, iliingia baada ya kopo kufunguliwa. Muulizeni mwanamke aliyefungua."

"Tumemuuliza."

"Basi mtaniuliza nini mimi?"

"Si wewe. Yeye."

Inspekta alielekeza kichwa kwa mzee mmoja aliyevaa koti jeupe, mikono nyuma, amesimama kando ya sinki kama askari wa zamu. Huyo ndiye Mwonjaji Mkuu. Kiwandani walimwita Ulimi wa Dhahabu. Havuti sigara, hali pilipili, na sabuni anayoogea haina harufu, yote kwa ajili ya kazi. Sahihi yake ndiyo iliyokuwa chini ya barua.

Tangu awali kesi hii ilikuwa imemkaa Inspekta vibaya. Wifi wa mkamwana, yaani binti wa yule bibi, alikuwa ameivalia njuga. Alileta kituoni mfuko wa sukari alioukuta uvunguni mwa kitanda cha mkamwana, akaubwaga juu ya meza na kusema, "Huyu anataka mama afe, abaki na nyumba." Mkamwana alipoulizwa, alijibu kwamba sukari aliificha ili mama asiione, maana akiiona huiramba kwa kidole kama mtoto. Hakuna aliyemwamini.

Jana yake Inspekta alichukua kopo jipya, akalifungua, akamwambia Koplo atie kijiko kimoja cha sukari. Soda ilifoka, ikamwagika mezani, ikamlowesha Koplo suruali hadi magotini.

"Umeona?" Inspekta alimwambia. "Atiaye sukari kwenye soda hawezi kuifanya siri. Nyumba nzima ingejua."

"Suruali yangu imejua kwanza, afande," alijibu Koplo.

Kisha walijaza ndoo maji. Kopo la Bila Sukari lililonunuliwa dukani, la toleo la mwezi uliopita, lilielea juu kama bata. Kopo kutoka katoni ya bibi, ambalo halijafunguliwa, lilishuka likaning'inia katikati ya maji. Jina lile lile na rangi ile ile, lakini moja zito na jingine jepesi. Kuna kitu ndani ya lile zito, na kilitiwa kabla kopo halijafungwa.

Lakini mkuu wake wa kazi alitikisa kichwa. "Ndoo si maabara, Inspekta. Majibu ya maabara ni siku kumi na nne. Mimi mkononi nina barua ya kiwanda yenye muhuri na sahihi. Nikuletee hakimu ndoo?" Kisha akaongeza, "Ukinivunjia barua hiyo kabla ya saa sita, nitamwachia. Usipoivunja, aende."

Ndiyo maana asubuhi hiyo, saa tatu na robo, Inspekta alikuwa amevaa viatu vya mpira. Kwenye gari alikuwa ameinamisha kichwa na kuomba ombi moja tu, la maneno machache: Mola, usiniache nimwonee mtu, wala usiniache nimnyamazie aliyeonea.

"Mzee," alianza, "nieleze mimi nisiyejua. Mnaonja nini na nini?"

Mwonjaji Mkuu alikohoa kidogo. Ilionekana swali hilo analipenda. "Kila siku tunajaza soda za aina tatu. Ya kawaida, Nusu Sukari, na Bila Sukari. Ya kawaida ni nzito, inafunika ulimi kama blanketi. Nusu Sukari utamu wake unakuja mapema, halafu unaaga kwa heshima kama mgeni aliyeshiba. Bila Sukari utamu wake unachelewa njiani, na ukishafika hauondoki. Unakaa, unakaa, na mwisho unaacha kichungu chembamba nyuma ya ulimi, kama umeramba kijiko cha bati."

"Kumbe mtu hawezi kuzichanganya?"

"Mtu wa kawaida anaweza, hasa hizo mbili za mwisho. Mimi siwezi."

"Na mnazionja kwa mpangilio gani?"

"Kikombe cha kwanza ya kawaida, cha pili Nusu, cha tatu Bila. Miaka yote ndivyo."

"Haujawahi kubadilika?"

"Kwa nini ubadilike? Utaratibu ni utaratibu."

Inspekta aliomba daftari la kuonjea. Lilikuwa kubwa, jalada gumu, mwandiko mzuri wa kunyooka. Alifunua ukurasa wa tarehe kumi na nne, siku lilipotengenezwa toleo la makopo ya bibi, akausoma kwa sauti. "Kikombe cha kwanza, kizito, sawa. Kikombe cha pili, utamu wa mapema, sawa. Kikombe cha tatu, utamu wa kukawia, kichungu kidogo, sawa." Akafunua nyuma. Tarehe kumi na tatu, maneno yale yale. Kumi na mbili, yale yale. Akaenda mwezi wa nyuma, na wa nyuma yake. Hata koma hazikuhama.

"Soda yetu haibadiliki," alisema Meneja kwa fahari.

"Naona." Inspekta alisimamisha kidole. "Tarehe tisa. Mzee, tarehe tisa ulikuwa mzima?"

"Nadhani."

"Koplo amepita kwenye zahanati yenu kabla hatujaingia humu. Tarehe tisa ulikwenda saa mbili asubuhi. Wameandika mafua makali, pua zote mbili zimeziba. Ukapewa dawa. Saa tatu ukaonja. Sasa niambie, mtu aliyezibwa pua anakisikiaje kichungu chembamba nyuma ya ulimi?"

Meneja aliingilia kati, "Ulimi ni ulimi, Inspekta, si pua!"

"Mama yangu alikuwa mpishi miaka thelathini," Inspekta alijibu. "Mafua yakimshika, chumvi alikuwa ananionjesha mimi."

Koplo aligeuza uso ukutani asionekane anacheka.

"Basi tuone," Inspekta alisema. "Mzee, nionyeshe kazi yako kama unavyoifanya kila siku. Soda nimekuja nazo, nimenunua dukani za aina zote tatu. Vikombe ni vyenu, barafu ni yenu."

Koplo aliingia chumba cha pili, akamimina, akarudi na sinia. Vikombe vitatu vyeupe, kila kimoja na namba yake ubavuni, baridi mpaka vinatoa jasho. Mwonjaji Mkuu alijinyoosha koti. Alishika kikombe cha kwanza, akakizungusha, akanusa, akavuta funda kwa sauti, akalitema kwenye sinki. Cha pili vivyo hivyo. Kisha cha tatu. Mwendo wake ulikuwa mzuri kutazama, kama mtu anayecheza ngoma aliyozaliwa nayo. Haikuchukua hata dakika moja.

"Cha kwanza, ya kawaida. Cha pili, Nusu. Utamu wake umekuja mapema, umeondoka. Cha tatu, Bila Sukari. Kile kichungu kipo palepale."

"Una hakika?"

"Ulimi huu una miaka ishirini na miwili kazini, Inspekta."

"Koplo, soma."

Koplo alikunjua karatasi aliyoandika kabla ya kumimina. "Kikombe cha kwanza, soda ya kawaida. Kikombe cha pili, Bila Sukari." Alinyanyua macho. "Kikombe cha tatu, Nusu Sukari."

Kule nje mashine ya kujazia ilisikika ikigongagonga makopo, tak tak tak, kana kwamba hakuna lililotokea.

"Huo ni mtego!" Meneja alifoka. "Mmekuja kumdhalilisha mzee wa watu!"

"Mtego gani, Meneja? Nimemtilia soda kwenye kikombe."

"Mmevuruga utaratibu! Kila mtu anajua cha tatu ni Bila Sukari!"

"Kila mtu anajua!" Hapo sauti ya Inspekta ilipanda kwa mara ya kwanza, nayo ilipanda kwelikweli. "Sikilizeni maneno hayo. Kila mtu anajua, kwa hiyo hakuna anayeonja! Mmejenga chumba kisafi kuliko cha upasuaji, mmenivua viatu mlangoni, mmemnunulia mzee sabuni isiyo na harufu, halafu mnaonja namba! Ningekitia maji ya bomba kikombe hicho mngeandika utamu wa kukawia. Kuna mama wa watu amelala hajui usiku wala mchana. Kuna mkwewe analala juu ya simenti siku ya nne leo, anaitwa muuaji na watoto wa mtaani. Na kilichomfunga ni karatasi iliyotiwa sahihi na mtu ambaye hakuonja!"

Meneja alipangusa shingo kwa kitambaa. "Hata hivyo, hilo halithibitishi kwamba makopo hayo yana sukari. Huenda ni bandia. Siku hizi kila kitu kinaigizwa."

Inspekta alilipindua kopo, akamwonyesha kitako. "Soma mwenyewe. Tarehe, saa, mashine ya pili. Mwandiko wa mashine yenu au si wenu?"

Meneja alisoma. Akalirudisha kopo mezani.

Aliyesema alikuwa Mwonjaji Mkuu. Alikuwa amekaa kwenye kiti bila kukaribishwa, mikono juu ya magoti. "Nipeni nionje tena."

"Mzee, inatosha," alisema Meneja.

"Haitoshi. Ondoeni namba. Ondoeni barafu, baridi inaficha ladha; tumeiweka kwa sababu inafurahisha wageni. Acheni soda zikae hadi zipoteze ubaridi. Nataka maji ya uvuguvugu na kipande cha mkate mkavu. Nami nitageukia ukutani."

Wakasubiri dakika ishirini. Saa ya ukutani ilifika saa nne na nusu. Koplo alimimina vikombe vitano visivyo na alama, akaandika kwenye karatasi, akaikunja na kumpa Inspekta. Mzee alisukutua, akatafuna mkate polepole, akafumba macho.

Safari hii hapakuwa na madoido. Funda lilikaa mdomoni muda mrefu, na uso wake wote ulikunjamana kama mtu anayesikiliza sauti ya mbali.

"Bila Sukari," alisema. Akasukutua. "Ya kawaida." Akasukutua. "Bila Sukari tena, ya toleo jingine, gesi imepungua kidogo." Akasukutua. "Nusu."

Inspekta alitazama karatasi. Yote yalikuwa sawa, hata lile la gesi, kwa sababu kopo hilo lilikuwa limefunguliwa mwanzo.

Kikombe cha tano alikaa nacho zaidi. Hakutema. Alimeza. Akachukua funda la pili, nalo akalimeza.

"Nusu," alisema kwa sauti ndogo. "Utamu umekuja mapema, na una mwili. Hii ni Nusu Sukari safi kabisa. Nimiminieni kutoka kopo jingine la hapo mlipotoa hii."

Koplo akamimina.

"Hii pia. Ndugu wa tumbo moja." Mzee aligeuka kutoka ukutani. Aliyaona makopo mawili yaliyofunguliwa, na katoni yenye utepe wa polisi, na maneno Bila Sukari yaliyoandikwa ubavuni kwa herufi za kijani.

"Ulimi huo ulikuwa wapi tarehe kumi na nne?" aliuliza Inspekta.

"Ulikuwa mdomoni mwangu, mwanangu. Sikuutumia." Aliweka kikombe chini. "Tulikuwa waonjaji wanne, tukabaki wawili, sasa nimebaki peke yangu. Vikombe ni vingi, mkono umezoea kuandika. Lakini sitajitetea kwa hilo. Nendeni kwenye daftari la matangi ya shira, ule mchanganyiko mzito unaotia soda ladha. Kila asubuhi na jioni wanaandika shira iliyobaki. Kama tangi la Bila Sukari halikupungua siku ile, basi mpira wa kupitishia shira uliunganishwa kwenye tangi la jirani, la Nusu Sukari."

"Wewe!" Meneja alimkaripia. "Unajua unaongea na nani?"

"Na polisi," alisema mzee. "Ningeongea nao mapema ningekuwa binadamu zaidi."

Koplo alitoka mbio na viatu vyake vya kubana, akarudi na daftari limebanwa kwapani, likiwa na madoa ya mafuta. Tarehe kumi na nne, tangi la Bila Sukari: asubuhi lita mia tisa, jioni lita mia tisa; makopo yaliyojazwa, elfu nane.

"Makopo elfu nane," alisema Inspekta, "na shira haikupungua hata tone. Meneja, huo ni muujiza au ni mpira?"

Kisu kilikuwa kimegusa mfupa. Meneja alikaa, akaanza kuongea kwa sauti ya mtu anayebembeleza mtoto. "Inspekta, sisi sote ni watu wazima. Kosa limetokea. Tutayarudisha makopo yale kimyakimya, madereva wetu watayazoa madukani, na mama tutamsaidia hospitali. Hakuna haja ya kelele."

"Kimyakimya!" Inspekta aliinuka. "Unajua nani anakunywa Bila Sukari? Si anayependa kile kichungu cha kijiko cha bati. Ni aliyeambiwa na daktari. Yule bibi sukari ilipompanda alishikwa na kiu, na kiu iliposhika akafungua kopo jingine, akijua hilo halina madhara. Dawa yake ndiyo ilikuwa maradhi yake! Sasa hivi kuna wangapi majumbani wana kiu na hawajui ya nini? Tangazo litasomwa redioni kabla ya saa sita, na namba ya toleo ndani yake. Utaliandika wewe, au nitaliandika mimi na jina la kiwanda nitalitaja mara tatu."

"Wakubwa wangu watasema nini?"

"Wakubwa wako hata mimi siwajui. Mkubwa wangu mimi na wewe ni mmoja, na anaona hadi ndani ya kopo lililofungwa. Andika."

Meneja aliandika. Mwonjaji Mkuu naye aliandika maelezo mapya kwa ule mwandiko wake wa kunyooka, ukurasa mmoja na nusu, hakujipunguzia hata sentensi. Alipofika mwisho aliuliza kama anaweza kuongeza kwamba anaomba msamaha. Inspekta alimwambia maelezo ya polisi hayana sehemu hiyo, lakini akiiandika hatamzuia.

Saa sita kasoro dakika tano karatasi hiyo ilikuwa mezani kwa mkuu wa Inspekta. Aliisoma mara mbili, akachomoa barua ya kiwanda juu ya faili na kusema, "Mtoeni."

Kwenye benchi la nje alikuwa amekaa wifi, amekuja kupanda gari la mahakamani. Inspekta alimweleza yote, kwa kifupi. Yule mwanamke alisikiliza akikunja na kukunjua ncha ya mtandio wake.

"Na ile sukari ya uvunguni?" aliuliza mwishowe.

"Alimfichia mama yako. Alikueleza."

"Alinieleza," alisema wifi.

Mkamwana alitolewa akiwa na mfuko wa plastiki wenye kanga moja na mswaki. Alikuwa mwembamba, macho yamemvimba, na vumbi la simenti limemganda viwikoni. Alimpita wifi yake bila kugeuza shingo.

"Uko huru," Inspekta alimwambia. "Soda ilikuwa na sukari tangu kiwandani. Huna kosa."

Mkamwana akasema, "Alikuwa hataki."

"Nani?"

"Mama. Tangu mwanzo hakutaka soda hizo. Alisema, mwanangu, mimi nitakunywa maji tu. Mimi ndiye niliyemsihi. Joto lilikuwa kali, namwonea huruma, watoto wanakunywa vitamu yeye anatazama. Nikamsomea maandishi, maana miwani yake ilikuwa imevunjika. Nikamwambia, mama, ona, wameandika hapa, haina. Kunywa, mama. Nikamfungulia kwa mkono wangu huu. Aliponiamini mimi, mimi nilimwamini nani, Inspekta?"

Inspekta alimpokea ule mfuko wa plastiki.

"Kuna mtu alitia sahihi," alisema mkamwana. Sauti yake haikuwa tena ya mtu wa mahabusu. "Nipeleke kwanza hospitali nikamwoshe mama uso. Halafu unipeleke kiwandani. Nataka kumwona huyo mtu, anitazame, aniambie alionja nini."

Koplo alikuwa amekwisha fungua mlango wa nyuma wa gari, ule wa kubebea washukiwa. Inspekta aliufunga kwa kishindo, akazunguka upande wa pili, akamfungulia mkamwana mlango wa mbele.